Nyuzi 12 Nilizozifuta

Msomaji anayetafuta kifo katika habari hii hatakipata. Mwenye nyonga yu hai, anatembea, na mara ya mwisho tulipoonana alinitania kuhusu mvi zangu. Alichopoteza ni mwaka na ushei wa ujana wake, darasa alilolipenda, na uwezo wa kuketi chini bila kufikiria. Vyote vitatu nilivichangia mimi, nikiwa ofisini, kahawa pembeni, sijashika hata kisu cha siagi.

Mimi si daktari. Ni mhandisi wa vifaa tiba, mzaliwa wa Tanga, niliyekwenda Ulaya kusoma nikabaki huko. Hospitali siitaji, na habari za mgonjwa nimezibadilisha kidogo asijulikane. Za kosa sijabadilisha. Kazi yangu ni kuwaandalia mabingwa wa mifupa mpango kabla hawajapasua. Nachukua picha za sitiskani, najenga mifupa ya mgonjwa ndani ya kompyuta, naikata humo kwanza, naigeuza, naikunja na kuikunjua, naangalia itagongana wapi. Daktari anaingia chumba cha upasuaji akiwa ameshaona mwisho wa kazi yake kwenye skrini. Angalau hivyo ndivyo tunavyowaambia.

Upasuaji ninaouzungumzia ulizaliwa Bern, Uswisi. Reinhold Ganz na wenzake waliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1984, wakauandika mwaka 1988. Unawahusu vijana, wengi wao wanawake, ambao kikombe cha nyonga kilikua kifupi, paa lake likawa halifuniki vya kutosha kichwa cha mfupa wa paja. Uzito wa mwili unaangukia ukingo mwembamba, gegedu linalika, na mtu anafika makamo akiwa na nyonga ya bibi yake. Basi mfupa unakatwa kuzunguka kikombe, mbele, chini na juu, ila nguzo ya nyuma inaachwa nzima ili fupanyonga lisipoteze uimara wake. Kikombe kikishakuwa huru, daktari anakigeuza ili paa lifunike kichwa, kisha anakifunga kwa skrubu. Kukata ni ufundi mkubwa, lakini ugumu hasa ni kujua kikombe kikalie wapi. Ukikigeuza kidogo mno, umempasua mtu bure. Ukikigeuza kupita kiasi, ukingo wa mbele unagonga shingo ya mfupa wa paja kila anapoinua goti, na umemtoa katika ugonjwa mmoja ukamtia katika mwingine. Kati ya kidogo mno na kupita kiasi kuna nyuzi chache tu, na kuzitafuta nyuzi hizo ndiyo kazi ninayolipwa.

Nyumbani sikuwahi kuusikia ugonjwa huu. Ni nadra kwa watoto wa Kiafrika, na wataalamu wengi wanahusisha jambo hilo na mbeleko. Mtoto anayebebwa mgongoni, mapaja yametanuka kukumbatia kiuno cha mama, kichwa cha paja lake kinatulia ndani ya kikombe na kukifinyanga kikue sawasawa. Wanaofungwa wakiwa wachanga, miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja, ndio wanaoupata zaidi. Nilipenda sana kuwasimulia wenzangu habari hizi wakati wa chakula cha mchana, na walinisikiliza kwa heshima. Nilikuwa mjuzi wa nyonga za dunia nzima isipokuwa ile iliyokuwa mezani kwangu.

Ile iliyokuwa mezani ilikuwa ya mwalimu wa chekechea, msichana wa miaka ishirini na kitu. Kipimo cha kwanza kinachoangaliwa ni pembe aliyoieleza Wiberg wa Sweden mwaka 1939. Unachora mstari wa wima kutoka katikati ya kichwa cha paja, na mwingine kutoka hapo hapo kwenda ukingo wa nje wa paa. Pembe ikizidi nyuzi 25, hakuna neno. Ikiwa chini ya 20, paa ni fupi. Yake ilikuwa 14. Katika faili lake daktari aliyempokea alikuwa ameandika kwamba siku nzima anakaa kwenye viti vya watoto. Mtu mzima akivikalia viti vile, magoti yanamfikia kifuani. Sentensi hiyo niliisoma. Niliisoma kama abiria wa daladala anavyosoma jina la kituo ambacho hashuki.

Sasa nieleze kosa nililofanya, maana ni jepesi mno na yeyote anaweza kulifanya.

Jishike kiunoni. Utakuta vifupa viwili vinavyochomoza mbele, kushoto na kulia, na chini kwenye kinena mfupa mwingine. Fikiria bapa linalogusa sehemu zote tatu. Kuna mtu ambaye akisimama, bapa hilo linakuwa wima. Mwingine limeinamia mbele, kiuno kimebinuka; mwingine limelalia nyuma. Kutofautiana kwa nyuzi 10 kati ya mtu na mtu ni jambo la kawaida kabisa. Programu haipendi tofauti hizo kwa sababu zinaizuia kulinganisha mgonjwa na mgonjwa. Kwa hiyo hulisimamisha bapa wima kwa kila mtu, inapaita hapo sifuri, ndipo inaanza kuhesabu. Kabla ya hapo hufungua kidirisha kidogo kuuliza kama mkao huo unafaa au unataka kuweka mwingine.

Nilibofya "Endelea". Sikusita. Nilikuwa nimebofya hapo kwa wagonjwa wote waliotangulia, na hakuna aliyerudi kulalamika, au pengine walilalamika kwa watu wengine.

Mwalimu yule, akisimama, fupanyonga lake huinamia mbele kwa nyuzi 12. Sikuzipima. Nilizifuta.

Na hakuna kilichonisaidia kuziona. Alipopigwa sitiskani alilala chali, na mpiga picha, mtu mwema, alimwekea mto chini ya magoti ili astarehe. Mto peke yake hulibingirisha fupanyonga kwenda nyuma, na programu ikamalizia kilichobaki. Fupanyonga likilala nyuma, kichwa cha paja huonekana kimefunuliwa zaidi upande wa mbele kuliko kilivyo kweli. Nikaona upungufu mkubwa mbele. Nikaufidia. Nikakigeuza kikombe kwenda mbele zaidi ya alivyohitaji, na moyoni nikajisifu kwa uangalifu.

Halafu nikalikunja paja. Ndani ya kompyuta hupanda uzi mmoja mmoja hadi uso wa mfupa mmoja uguse uso wa mwingine, na pale panapogusana panawaka rangi nyekundu. Lake lilipanda hadi nyuzi 113 ndipo pakawaka. Lakini hizo 113 zilihesabiwa kuanzia sifuri ya programu, wala si kuanzia yeye alivyosimama. Toa 12, unabaki na 101. Na hapo bado hujakata chochote kwa ajili ya nyama. Programu ile inajua mifupa tu. Haina habari na misuli, wala utando wa kiungo, wala ule mzingo laini unaozunguka ukingo wa kikombe, ambao ndio unaobanwa kwanza. Tena 101 ni paja likipanda wima. Liingize ndani kidogo, kama afanyavyo mtu anayeinama kumfunga mtoto kamba za viatu, na hesabu inashuka tena. Kosa moja lilifanya kazi mara mbili, na mara zote mbili lilisukuma upande ule ule.

Kuna jambo linalonifanya nicheke peke yangu hadi leo. Nilikulia katika nyumba ambayo mama alikuna nazi ameketi juu ya mbuzi, chakula kililiwa mkekani, na chooni mtu alichuchumaa. Kwetu paja kufika kifuani ni siku ya kawaida. Hata hivyo nilipochagua miondoko ya kujaribu nilibaki na ile iliyokuja na programu: kutembea, kupanda ngazi, kukaa kwenye kiti cha kimo cha kawaida. Kumchuchumisha mgonjwa ningeweza. Ni suala la kuandika tarakimu kwenye kisanduku. Mtoto wa Tanga alikuwa amesahau kwamba watu huchuchumaa.

Nikaandika ripoti. Picha zilipendeza: mfupa rangi ya maziwa, kikombe cha buluu, mshale wa kijani, na chini yake, kwa herufi nene, kukunja nyuzi 113. Ningeweza kuandika "kati ya 95 na 115", na huo ndio ungekuwa ukweli wa nilichokijua. Niliandika 113. Kama nawe kazi yako ni kutengeneza tarakimu zinazosomwa na wengine, iwe bajeti, makadirio ya mavuno au majibu ya maabara, unaujua utamu wa tarakimu iliyonyooka. Hakuna anayekuuliza uliitoa wapi.

Siku ya upasuaji nilikuwepo, nimesimama pembeni na kompyuta yangu, kofia ya karatasi kichwani. Kikombe kilipokuwa kimegeuzwa na kushikwa na pini za muda, bingwa alifanya anachofanya siku zote. Alilipandisha goti la mgonjwa, akaugeuza mguu ndani. Akatulia. Akarudia.

"Inabana," akasema. Kisha akanigeukia. "Mpango unasema ngapi?"

"Mia moja na kumi na tatu."

Nilijibu hata kabla hajamaliza kuuliza. Akatazama skrini, akatazama mguu, akarudi kwenye skrini. Akasema huenda ni misuli. Pini zikatolewa, skrubu zikaingia.

Kubofya bila kusoma ni uvivu, na uvivu una dawa. Hili la pili ni la kiburi. Mkono wa mtu aliyeanza kupasua nyonga mimi nikiwa shule ya msingi ulikuwa umehisi kweli, nami nikaunyamazisha kwa tarakimu. Ningeweza kusema, "Daktari, sina hakika na mkao niliotumia, nipe dakika." Pini zilikuwa bado za muda. Kikombe kingerudishwa nyuma kidogo na habari ingeishia hapo. Sikusema, kwa sababu nilipenda kuulizwa. Tangu nifike nchi ile watu walikuwa wananieleza polepole mambo niliyoyajua, na siku hiyo chumba kizima kilisimama kusubiri neno langu.

Eksirei ya baada ya upasuaji, iliyopigwa akiwa amelala, ilikuwa safi. Pembe ya Wiberg ilitoka 14 ikafika 32. Niliiweka picha hiyo kwenye mada niliyowasilisha kwa wahandisi wenzangu, na walipiga makofi.

Yale maumivu ya zamani yalimtoka kweli. Hilo lazima lisemwe. Alitembea na magongo wiki kadhaa, akayaacha, akarudi darasani. Hapo yakaanza maumivu mapya, ndani ya kinena, kila alipokikalia kiti cha mtoto na kuinamia mezani. Aliambiwa avumilie, misuli inajifunza upya. Mtaalamu wa mazoezi aliandika kuuliza kama huenda mifupa inagongana. Barua ikaletwa kwangu, nikaijibu kwa mistari miwili: kwa mujibu wa mwigo wa kompyuta, hakuna mgongano. Nakala ya jibu hilo bado ninayo. Miezi iliyofuata alinyoosha misuli ambayo haikuwa na tatizo.

Aliyenifumbua macho ni daktari kijana aliyekuwa mafunzoni. Alikuwa ameagiza eksirei mpya, ya kusimama. Akaniita nije niione, bila kusema neno. Kwenye picha ya nyonga, ukingo wa mbele wa kikombe huonekana kama mstari, na wa nyuma mstari mwingine. Kikombe kikikaa vizuri, mistari hiyo hukutana juu tu, penye kona ya nje ya paa. Yake ilipishana chini ya hapo, ikachora nambari 8. Hiyo ni alama inayofundishwa kila mahali: ukingo wa mbele umefunika kupita kiasi.

Nikasema picha imepigwa vibaya.

Akasema, "Imepigwa akiwa amesimama."

Nikasema basi alisimama vibaya. Ndiyo, nilisema hivyo. Kijana wa watu hakubishana. Akafungua faili la zamani na kuniwekea eksirei nyingine ya kusimama, ya kabla ya upasuaji, iliyokuwa humo tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nayo wakati wote. Sikuifungua kwa sababu ilikuwa picha bapa, ya mtindo wa zamani, na mimi nilikuwa na mifupa mizima inayozunguka.

Kuna kipimo kinachochukuliwa kwa rula: umbali kutoka ungio la mbele la fupanyonga hadi pale uti wa mgongo unapokutana na kifandugu. Kwa wanawake, wakiwa wamenyooka, hukaribia sentimita 5. Niliburuta mstari kwenye skrini. Ulizidi 7, dalili ya fupanyonga lililoinamia mbele. Hata kabla sijaachia kipanya nilishajua, na nilichokijua hakikuwa na maneno bado. Kilikuwa joto masikioni. Nikarudi mezani kwangu, nikaufungua ule mpango, nikaliinamisha fupanyonga nyuzi 12 mbele, nikabofya. Mahali palipokuwa pa buluu pakawaka pekundu, ukingoni mbele, pale pale alipokuwa akipaonyesha kwa kidole miezi yote ile. Rangi haikunishtua, nilikuwa naingoja. Kilichonishtua ni kwamba jibu lilichukua dakika chache, na nilikuwa nazo dakika hizo siku yoyote niliyotaka.

Nilikwenda kwa bingwa, nikamweleza nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Nilihisi." Baada ya muda akaongeza kwamba na yeye alipaswa kuuamini mkono wake. Ni muungwana, na sehemu aliyoibeba ni yake. Siichukui, wala sijifichi chini yake. Aliuamini mchoro kwa sababu mchoro ulikuwa na sahihi yangu.

Wahandisi huwa hatukutani na wagonjwa. Niliomba niwepo atakapoelezwa. Nilimchorea kwenye karatasi, bapa la wima na bapa lililoinama, mto chini ya magoti, kidirisha, na kitufe nilichobofya. Alinifuata vizuri, alizoea kueleza na kuelezwa mambo kwa michoro. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo ulinisimamisha kama nani?"

"Kama hakuna mtu," nikamjibu. Ndiyo hali halisi. Zile sifuri hazina mwenyewe.

Alipasuliwa mara ya pili. Skrubu zilitolewa, ukingo wa mbele ukachongwa kidogo, na shingo ya paja ikapunguzwa ili kupatikane nafasi. Akarudi kwenye magongo. Sasa paja linapanda vya kutosha kwa shughuli nyingi, ila viti vya chekechea bado vinamchosha, kwa hiyo shule ilimhamishia kwa watoto wakubwa wanaokaa kwenye viti virefu. Anasema hao wakubwa hawachekeshi. Kuna sehemu ya ngozi ya paja, upana wa kiganja, ambayo haina hisia. Hiyo hutokea mara nyingi baada ya upasuaji wa aina hii, lakini kupitia mahali pamoja mara mbili hakukusaidia. Gharama bima ilizibeba. Mimi sikufukuzwa. Kwa muda ripoti zangu zilipitiwa na mtu wa pili, na baadaye tulikubaliana kwamba kila ripoti ipitiwe hivyo, iwe ya nani.

Siku hizi sianzi kukata chochote kabla sijaweka eksirei ya kusimama kando ya ule mfupa unaozunguka. Tarakimu natoa kwa masafa, na najaribu kuchuchumaa hata kama mgonjwa ni karani. Bingwa akisema inabana, sitaji nambari kabla sijamuuliza inabana wapi. Isidhaniwe kwamba nimepata jawabu la mkao, maana hata mkao wa kusimama si neno la mwisho. Mtu akikaa, fupanyonga lake hubingirika nyuma, mwingine sana, mwingine kidogo, na hapo hesabu hubadilika tena. Wataalamu bado wanavutana kuhusu mkao upi utumike kupanga: wa kulala, wa kusimama, au wa kukaa. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo, na kila upande una hoja nzuri.

Juzi programu imetoa toleo jipya. Kidirisha cha mkao kimekuwa kikubwa na kimewekwa katikati ya skrini, huwezi kukiruka. Kitufe kilichochaguliwa tayari bado ni cha sifuri. Nimewaandikia watengenezaji kuwaomba wakiache wazi, mtu alazimike kujaza mwenyewe. Wamejibu kwa adabu kwamba wateja wengi wanapendelea kilivyo, kinawaokolea muda.